Leo Sina Utani

Ile posti niliiandika mimi. Naanza na hilo, maana hapa Merrylands, Sydney, kuna watu wanatembeza maneno. Mara aliyeandika ni mchungaji, mara ni mtoto Bénie, na juzi dukani mama mmoja ananiambia kwa huruma eti amesikia simu yangu iliibiwa na matapeli wa mtandaoni. Haikuibiwa! Ni mimi Dévote, binti Ndikumana, na akili zangu timamu, chai mezani, Jumamosi asubuhi. Mtu asinisaidie kwa uongo. Uongo nilishautumia wangu wa kunitosha.

Déo alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu Akimana. Yeye Mkongomani wa Fizi, sisi Warundi, na wote tulikulia kambini kule Kasulu, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichowaozesha. Siku alipoleta mahari, wazee wa pande zote mbili walinisimamisha mbele za watu wakaniambia: huyu kuanzia leo ni mtani wako. Akikutukana unacheka, ukimtukana anacheka, atakayenuna analipa kuku. Na mmoja akitangulia, atakayebaki ndiye atakayesimama msibani amwigize marehemu, watu wacheke kidogo kabla ya kumfukia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nikasema sawa. Nani anafikiria kifo siku ya soda na nyama?

Basi tukataniana miaka kumi na saba. Yeye aliniita bibi mdogo, na kwao bibi ni mke. Mimi nilimwita Kitambi. Kila utani wake aliufungua na maneno yaleyale, uso mkavu kama hakimu: "Shemeji, leo sina utani." Ukisikia hivyo, jishike mbavu. "Shemeji, leo sina utani, nimeota umeolewa, bwana harusi amekimbia alipoona sufuria ya maharage." Sisi Warundi kwake tulikuwa watu wa maharage, wao kwangu walikuwa watu wa sombe, yaani kisamvu. Tulipofika Sydney tukafungua grupu la familia, tukaliita Sombe na Maharage, watu ishirini na kitu, kutoka Uvira hadi Penrith. Mtu akiwa na shifti mbaya, anafungua grupu, anacheka, anarudi kazini.

Lakini niseme jambo moja nililolielewa nikiwa nimechelewa. Katika miaka yote hiyo, mimi na Déo hatukuwahi kuambiana neno moja lililonyooka. Alipofukuzwa kazi ya kwanza, aliniambia kwa utani. Mimi mimba yangu ilipoharibika, alinitania mpaka nikacheka huku nalia. Huruma yake ilipitia humo humo. Hatukuwa na njia nyingine ya kuongea.

Mwaka 2020, mwezi wa pili, dada yangu akaenda Bujumbura kumuuguza mama. Mama akafa mwezi wa nne, mipaka ikafungwa, tiketi zikafutwa mara tatu, na dada akabaki kule. Déo alikuwa anafanya kazi ghalani, kupanga mizigo, leo mchana kesho usiku, kwa hiyo Bénie, binti yao wa miaka kumi na tano, akahamia kwangu. Ikafika Agosti ya 2021, lokidauni ile ngumu, polisi barabarani, usivuke kilomita tano kutoka mlangoni kwako. Kutoka kwangu hadi Toongabbie kwa Déo ni sita na nusu. Bénie alipima kwenye simu akaniambia, "Auntie, it's only one and a half over." Nikamwambia hiyo moja na nusu ndiyo itakayonitoa kazini. Mimi nalea wazee kwenye nyumba ya wazee. Ningekanyaga nyumba yenye ugonjwa, wiki mbili nje ya kazi, na wale wazee wangu siku zao zilikuwa zinahesabika.

Jumatatu moja Déo akapimwa ghalani, akakutwa na Corona. Habari tuliipata grupuni. "Bibi mdogo, leo sina utani. Nimekufa. Njoo unizike, ila uje na maharage, safari ni ndefu." Nami nikamjibu, "Kaburi nimechimba zamani, kitambi ndicho hakiingii." Mirindi, kaka yake wa Uvira, akajaza skrini nzima kwa emoji za kucheka hadi machozi. Dada yangu akacheka pia, halafu akanipigia pembeni akilia. "Dévote, huyu hatasema ukweli. Unamjua. Watu wa afya wakimpigia anawaambia yuko salama. Nitafutie mtu wa kumwona kwa macho."

Hapo ndipo nilipofanya jambo la maana, la kwanza na la mwisho. Nilimpigia Muema. Muema ni Mkamba wa Kenya, alifanya kazi ghala moja na Déo na aliishi jengo lilelile, yeye juu, Déo chini. Nikamwambia, "Muema ndugu yangu, kila jioni ukirudi, mbishie dirisha la jikoni. Usimuulize hali, atakuchekesha tu. Mtazame uso. Akiwa vibaya, piga simu ya ambulansi bila kumwomba ruhusa." Muema akasema, "Hiyo ni kazi ndogo, dada." Nilitaka mtu ambaye si mtani wake. Watani tulikuwa wengi, mtu wa kumtazama uso alikuwa mmoja.

Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Kila jioni saa kumi na mbili Muema alibisha mara tatu, Déo akafungua pazia, akamtolea ulimi, na Muema akanitumia neno moja la Kikenya, yaani yupo: "Ako." Nilikuwa nalisoma hilo neno ndipo napika.

Jumamosi asubuhi Déo akanitumia video. Si kwenye grupu, kwangu mimi. Amevaa shati lake la maua, muziki nyuma, anacheza ndombolo pale jikoni, kitambi kinatangulia. "Bibi mdogo, angalia mwanaume! Corona imeniogopa, aksanti Mungu!" Nikapiga kelele za furaha hadi Bénie akatoka chumbani. Video ilikuwa na sekunde arobaini. Ishirini na tisa za kwanza ni ngoma. Zile kumi na moja za mwisho, anasimama ghafla, anashika ukingo wa meza, anakohoa, kikohozi kile kikavu kinachotoka chini kabisa, anakaa kwenye kiti na kuvuta pumzi mdomo wazi. Halafu anatazama simu na kusema taratibu, "Shemeji, hii ya mwisho usimuonyeshe dada yako."

Nikazikata. Nilijiambia nazikata kwa sababu amesema dada asione. Haya, sawa. Lakini hakusema walimwengu wasione! Hakusema niipandishe Fesibuku! Hilo lilikuwa langu.

Kanisani kwetu tuna kitu tunakiita shukrani za mbele. Mchungaji wetu Ildephonse anafundisha hivi: usingoje upokee ndipo ushukuru, mpagani naye anaweza hiyo. Shukuru kabla, tena kwa maneno ya jambo lililokwisha. Huna visa, unaandika, "Asante Yesu kwa visa." Huna mtoto, unanunua kitanda cha mtoto. Mimi nimeona ikifanya kazi kwa macho yangu, siwezi kukana. Watu wa kanisani wakisoma shukrani kama hiyo wanajua: hii ni imani, tuzidi kuomba. Hiyo tunajuana wenyewe kwa wenyewe. Asiye wa kwetu anasoma kilichoandikwa.

Nikaandika hivi: "Bwana ametenda! Shemeji yangu Déo AMEPONA KABISA! Daktari wa madaktari amepita Toongabbie! Tunawashukuru wote mlioomba, mliopiga simu, mliobisha mlango. Pumzikeni sasa, kazi ameimaliza Yesu. Utukufu!" Nikabandika zile sekunde ishirini na tisa. Mpaka saa sita watu mia tatu wameipenda. Mpaka jioni mia nane. Watu niliosoma nao kambini, walio Norway, walio Marekani, wote "Amina, Amina, Haleluya, huyo mzee anajua kucheza!" Na mimi nimekaa kwenye kochi nawawekea kopa, ule moyo mwekundu, kopa, kopa, kila komenti kopa, kama mtu anayegawa pipi. Sikuwa nasoma tena. Nisikufiche, nilisikia raha. Mwaka mzima nilikuwa nafua mashuka ya wazee wanaokufa bila wana wao, na siku hiyo moja watu mia nane walikuwa wanafurahi kwa sababu yangu.

Jumapili ibada ilikuwa kwenye simu, laivu. Mchungaji akaisoma posti yangu yote, akasema, "Déo, baba, jitokeze ushuhudie." Ikachukua muda. Halafu picha ikafunguka, giza giza, uso nusu. "Aksanti Mungu," Déo akasema. "Aksanti wamama wote wa maombi. Mi niko muzuri. Aksanti shemeji yangu kwa kunitangaza." Watu wakapiga vigelegele kila mtu sebuleni kwake. Picha ikafungwa. Nikasikia jinsi alivyosema kwa kukatakata, nikajiambia ni mtandao.

Sasa jiweke mahali pake. Umetangazwa umepona. Umeshukuriwa. Mama yako Uvira amechinja mbuzi, kweli amechinja, Mirindi alituma picha. Utasimama vipi useme bado naumwa? Utakuwa umewaaibisha watu, umemwaibisha shemeji yako, na kwa akili za kanisani kwetu utakuwa umeukataa muujiza kwa mdomo wako. Mimi nilimfunga mdomo. Kilichobaki wazi ni ule mlango wetu wa siku zote, na aliupitia.

Jumatatu saa nne asubuhi nilikuwa kazini, mapumziko ya dakika kumi, nimekaa kwenye chumba cha mashine za kufulia, ngao ya uso imejaa ukungu. Simu ikalia. Grupuni, Déo: "Shemeji, leo sina utani. Kale kamashine ka kidole kanasema 87. Hata shule sikupataga alama kama hizo."

Nilicheka, Mungu ananiona. Nilicheka peke yangu kati ya mashuka, nikaandika, "Umeibia mtihani wewe! Msahihishaji ni nani?" Mirindi akamwaga emoji zake. Mtu wa Penrith akaandika, "Kitambi amefaulu!" Déo alizisoma zote. Zilizofuata hakuzisoma, tiki zake zikabaki kijivu.

Mimi ni mlezi wa wazee. Kamashine hako ka kupima oksijeni ya damu ndiko ninakotumia kila siku ya Mungu. Nabana vidole, nasoma namba, naandika kwenye fomu. Najua themanini na saba ni nini kama ninavyojua jina langu. Unaniuliza kwa nini basi sikuijua ile? Nimejiuliza kuliko wewe. Niliijua. Iligonga, nikaisukuma nje. Maana kama ni kweli themanini na saba, basi mimi nilidanganya watu mia nane na Mungu juu yao. Ilikuwa rahisi zaidi iwe utani. Na nikajifariji kwa jambo moja: jioni Muema atabisha.

Jumatatu jioni Muema hakuandika "Ako". Wala Jumapili hakuwa ameandika, wala Jumamosi. Lakini nani alikuwa anatafuta lile neno tena? Simu yangu ilikuwa imejaa Amina.

Jumanne asubuhi nikamhudumia mzee mmoja wa Kiitaliano, mtu wa miaka tisini, nikambana kidole. Tisini na moja. Muuguzi wa zamu akaiona namba hiyo, akaacha kila kitu, akatoka mbio kwenda kumpigia daktari. Mbio, nakwambia! Kwa tisini na moja! Nikabaki nimeshika mkono wa mzee.

Nikaenda kwenye korido nikampigia Déo. Ikalia mpaka ikakata. Nikapiga tena. Nikampigia Muema, naye alikuwa nyumbani, siku yake ya kupumzika.

"Muema, jana ulimwona shemeji yangu?"

"Déo? Hapana, dada. Si mlisema ako poa?"

"Hujabisha tangu lini?"

"Tangu Jumamosi. Niliona ile post nikafurahi sana. Nikakuandikia pale chini, nikauliza, sasa niwache kubisha? Ukanipigia love."

Kopa. Nilimwekea kopa.

"Muema, shuka," nikamwambia. "Shuka sasa hivi."

Nikamsikia akifungua mlango, nikasikia ngazi, ndala zake zikipiga saruji. Nikasikia akibisha kioo. Mara tatu, kama kawaida. Halafu hakubisha tena. Akasema kwa sauti ndogo sana, "Dada, pazia iko wazi. Ako hapa."

"Anakuona?"

"Ameweka kiti hapa kwa dirisha. Hapa hapa mahali huwa nabisha. Ako na blanketi." Akaanza kulia, mwanaume mzima. "Dada, alikuwa ananingoja."

Ambulansi ikaja, wakavunja mlango, wakasema amekwisha saa nyingi. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu.

Tukamzika watu kumi, ndiyo sheria ilikuwa, wengine wote kwenye simu. Mchungaji aliomba vizuri. Udongo ulikuwa umelowa. Halafu ikafika zamu yangu. Bénie alishika simu kuelekea kwangu, na kule Uvira, Bujumbura, Penrith, wote wakangoja shemeji aigize. Nilitakiwa nitembee kama Déo, nitangulize tumbo, niseme, "Bibi mdogo." Hata kipande cha kanga nilikuwa nimejifunga tumboni kwa ajili hiyo. Nikasimama vile na kitambi changu cha kanga mbele ya kaburi mpaka Bénie akasema, "It's okay, Auntie, don't," akazima. Grupuni Mirindi akaandika, "Poleni. Shemeji atatupa utani wetu akipata nguvu. Deni hilo." Hakuna aliyejua kilichonifunga. Muema hakumwambia mtu. Mpaka leo Muema ananisalimu kwa adabu, na adabu hiyo inaniumiza kuliko tusi.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Walisema pia mficha maradhi kifo humuumbua. Haya, Déo kifo kilimuumbua. Mimi je? Mimi niliyeficha maradhi ya mwenzangu, kiliniumbua nini? Hakuna! Watu waliniletea mchele mlangoni. Ile posti chini yake watu wakaendelea kuandika, sasa wanaandika pole, na wengine ambao hawakuwa na habari wanaendelea na Amina.

Siku ya nne baada ya mazishi, dada yangu akaandika Fesibuku. Aliweka picha ya harusi, ile ya kambini, mimi nimesimama pembeni nimebeba ua la plastiki. Akaandika: "Namshukuru Mungu kwa ajili ya mdogo wangu Dévote. Mimi sikuwepo, yeye alikuwepo. Alimtunza mume wangu, alimtafutia mtu wa kumwangalia, alimwombea, alimchekesha mpaka siku ya mwisho. Kila mke aliye mbali aombe apate mdogo kama huyu. Asante, mama mdogo wa mtoto wangu." Watu mia sita wakaweka kopa. Wakaanza kunishukuru mmoja mmoja kwa jina. Mchungaji akaandika, "Mlezi mwaminifu!" Niliisoma nimesimama jikoni.

Kila mtu angeniambia nyamaza. Najua. Aliyekufa harudi, dada yuko mbali, ana huzuni ya kutosha, tenda wema nenda zako. Wema gani? Siku mbili nilijaribu kukaa na ile asante. Nilipika, nikaenda kazini, nikabana vidole. Kila aliyeniwekea kopa nilimwona Muema.

Siku ya tatu mchana, nikiwa nimekaa kitandani na Bénie yuko kwenye masomo yake ya kompyuta chumba cha pili, nikafungua Sombe na Maharage, nikaandika kila kitu. Niliandika saa nzima. Nikaanza na maneno ya Déo ya siku zote, kwa sababu sikujua njia nyingine ya kuwafanya wasikilize: "Leo sina utani. Déo hakufa peke yake kwa bahati mbaya. Nilimwondolea mtu wa kumtazama. Aliposhuhudia alikuwa mgonjwa. Aliponiambia 87 nilijua maana yake. Video ile niliikata." Nikaeleza Muema, nikaeleza kopa, nikaeleza yote. Nikatuma.

Ujumbe mrefu Wotsapu huwa inaukata. Unaona mwanzo, chini yake "soma zaidi". Mirindi akawa wa kwanza. Aliona "Leo sina utani" akamwaga emoji za kucheka hadi machozi, mistari mitatu mizima, akaandika, "Hatimaye! Shemeji amelipa deni! Ngoja niketi nisome!" Wa Penrith akafuata, "Hahaha, ndiyo Kitambi huyo huyo!" Mama mmoja wa Uvira akatuma sauti, anacheka na kulia, "Aksanti, mwanangu, ulikuwa umetuchelewesha." Nikazitazama zile nyuso za njano zinavyoporomoka moja baada ya nyingine juu ya maneno yangu. Hivyo ndivyo alivyokaa na simu yake Jumatatu ile, na 87 yake mkononi, akitazama sisi tunavyocheka. Kwa mara ya kwanza nikamlilia kwa sauti.

Halafu vicheko vikakoma. Mirindi alifuta vyake. Watu ishirini na kitu, tiki za bluu tupu.

Baada ya nusu saa dada yangu akapiga. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

"Ulikata sekunde ngapi?" akauliza.

"Kumi na moja."

"Bado unazo?"

"Ninazo."

"Nitumie."

"Dada, mwenyewe alisema nisikuonyeshe."

"Dévote." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka sana. "Mwaka na nusu sijamwona mume wangu. Nilimwona akicheza, nikalala usingizi mzuri kwa sababu yako. Hizo kumi na moja ni zangu. Nitumie."

Nikatuma. Hakukata simu. Alikuwa ameweka spika, nikamsikia akibonyeza. Nikasikia ngoma ikizima, nikasikia kikohozi, kiti kikiburuzwa, na ile pumzi. Halafu sauti ya Déo, nyembamba, kutoka Bujumbura, ikinirudia: "Shemeji, hii ya mwisho usimuonyeshe dada yako."

Nilingoja aseme nami. Akamjibu yeye.

"Nimeshaiona, baba Bénie," akasema, kisha akairudia.